Udongo wa Tafukt Utapanda

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize, maana sauti iliyonibakia ni kidogo na nimekwisha kuipangia kazi. Lahsen, zima hiyo simu. Nimekusikia kule nje ukimwambia mwenye gari asogee mpaka darajani, eti mtanishusha kwa machela hadi hospitali ya mjini. Mwambie mwenye gari anywe chai, ale mkate na siagi, kisha arudi alikotoka na Mungu ampe heri. Mimi sishuki. Niliingia nyumba hii juu ya nyumbu, bi harusi nimefunikwa uso, natetemeka kama mwanakondoo aliyezaliwa thelujini, na nitakapotoka nitatoka juu ya mabega ya watu, uso umefunikwa vilevile, ila kutetemeka nimeshaacha zamani. Yidir, nisogezee mto mgongoni. Izza, fungua dirisha. Fungua, nasema, baridi itamfanya nini mtu ambaye miguu imeshapoa mpaka magotini? Nataka niione Tafukt ninapoisema.

Hilo hapo. Shamba la juu kuliko mashamba yote ya ngazi katika bonde hili, la mwisho kabla ya mwamba, wakaliita Tafukt, yaani jua, kwa sababu asubuhi jua hulisalimia lenyewe kwanza na jioni huliaga mwisho, na shayiri yake hukauka wakati ya wenzetu wa chini ingali na umande. Leo mnaliona lina pengo katikati kama kinywa cha kikongwe. Ukuta umeanguka, udongo wote umeteremka ukaenda kulala juu ya shamba la ami yenu Basu, na ami yenu Basu ameukalia kama kuku anayeatamia mayai ya bata.

Nyinyi mnadhani udongo ule uliwekwa pale na Mungu. Hapana. Mungu aliweka pale mwamba, akaweka na baridi, akatuachia sisi mengine. Mwaka ule nilioolewa, baba yenu Hammu, Mungu amrehemu, na baba yake walijenga ukuta wa mawe matupu, bila tope wala saruji, jiwe likikaa juu ya jiwe kwa uzito wake na kwa akili ya mwenye kulipanga, na ulipokwisha ikabaki kujaza nyuma yake. Wanaume wamejenga, wamekaa, wanakunywa chai na kusifiana. Udongo nani aliupandisha kutoka ukingoni mwa mto? Migongo ya wanawake: mama mkwe wangu, wifi zangu, na mimi ambaye hina ya harusi haijatoka mikononi. Kamba ya kapu ilinikata hapa begani, Izza anapajua, ndiye anisuguaye mgongo. Na wewe Lahsen, kwa kuwa kazi ilichukua miezi mingi, ulipanda Tafukt na udongo kabla hujazaliwa, wewe mbele, kapu nyuma, na mimi katikati yenu, mama mkwe ananifokea, "We Tuda, mbona unatembea kama uliyebeba mayai!" Nikamjibu, "Yai ninalo, mama, moja tu, na likianguliwa litakuja kukulilia wewe." Alicheka mpaka akakaa chini. Basi yai lenyewe ndilo wewe, leo una mvi na viatu vinavyong'aa, na jana ulisimama mlangoni pangu ukasema, "Mama, udongo ni udongo tu, mwachie ami, tusigombane na watu." Udongo ni udongo tu! Hata mkate ni unga tu, mwanangu, mpaka siku unapokuwa na njaa.

Nisikilizeni jinsi ukuta ulivyoanguka, maana mtaambiwa ni mvua. Mvua ilikuja, sikatai, ile ngurumo ya mwisho wa kiangazi, maji yakashuka mlimani yamebeba vichaka na mawe. Lakini mvua kama ile ilikuja nikiwa kijana, ikaja baba yenu alipokuwa mgonjwa, na ukuta ulisimama. Mnajua nyote kwamba chini ya kila ukuta kuna ukanda wa nyasi, tunauita mguu wa ukuta, na mguu wa ukuta haupitwi na plau. Mwenye shamba la chini hukata majani yake akampa ng'ombe, basi. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko msikiti wetu. Sasa Basu, tangu alipogawana na Hammu, Hammu akapata Tafukt na yeye akapata shamba la chini yake, kila msimu wa kulima alikuwa akisogea. Mtaro wa mwisho wa plau yake uligusa nyasi, mwaka uliofuata ukazila, mwaka mwingine ukafika kwenye jiwe la msingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilikuwa mguu wa ukuta wangu. Nilimwita kutoka juu mbele ya watu, "Shemeji, plau yako inakuna miguu ya ukuta wangu!" Akanijibu, "Kumbe ukuta wako una miguu, shemeji? Basi uambie usogee!" Watu wakacheka, hata mimi nilitaka kucheka, maana Basu ana ulimi, wamezaliwa baba mmoja na mama mmoja, lakini Hammu alichukua mikono na huyu akachukua ulimi. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ule ulikuwa upande wake, na kila nilipotaka kushuka kuuziba alisimama na fimbo akaniambia nakanyaga shayiri yake.

Izza, maji. Kidogo tu, nilowanishe ulimi.

Ukuta ulipoporomoka sikulia. Nilisema, haya, desturi ipo. Wewe Yidir ulikuwa juu malishoni na kondoo, na wewe Lahsen umekaa mjini mpaka mambo yetu yamekutoka, kwa hiyo nitaisema tena. Udongo ukiteremka unabaki wa mwenye shamba la juu. Ana ruhusa ya kuingia shamba la mwenzake na kuupandisha kapu kwa kapu, hakuna wa kumzuia, mpaka siku ile baraza la wazee litakapofungua kwa plau mtaro wa kwanza wa msimu wa kulima. Mtaro ukishafunguliwa, udongo ni wa yule uliyemwangukia, na wa juu anabaki na mwamba wake, aanikie nguo. Basi mimi na Izza tulichukua makapu asubuhi ya pili yake. Mimi, na kifua hiki, na umri huu! Tukapanda, tukashuka, Izza ananisihi nikae, namwambia nitakaa kaburini, huko kuna nafasi ya kutosha.

Ndipo Basu akaenda barazani. Mnajua alisema nini? Alisema ule si udongo wa Tafukt, ni udongo wa mlima, ni wa Mungu, umepita tu kwa Tuda njiani. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anasema udongo umepita njiani kama mgeni aliyekuja kuomba maji! Na wazee wa baraza, ambao wengine wao niliwafuta makamasi, wakaenda kwake kushauriana, wakala kwake kuskusi yenye nyama ya mbavu, na wakatoka na neno: mtu yeyote wa nyumba ya Hammu asiguse udongo ule mpaka wazee wapande wakaukague. Vizuri. Watapanda lini? Baada ya kulima, maana sasa magoti yanawauma. Na mtaro unafunguliwa lini? Wiki hii, soko likishapita. Mmeuona mtego ulivyotegwa? Wakija kuukagua watakuta shayiri ya Basu imeshaota juu yake. Siku ile ndipo nilipolala kitandani hapa. Wakasema Tuda ameugua kwa uchungu. Si uchungu, ni mapafu. Uchungu mimi huutumia kupandia mlima.

Nitarudi hapo. Kwanza niwamalizie ya mali, maana fakihi yupo uani na najua anawaza chakula cha mchana.

Sina wosia juu ya mafungu yenu. Hakuna wosia kwa mrithi, na mimi siwezi kumfundisha Mungu kugawa. Gawaneni kama sheria ilivyo: kondoo, mbuzi, nyumba, mashamba, zamu yetu ya maji. Lakini ninyi wanaume wawili nitazameni usoni. Fungu la Izza ni nusu ya fungu la kaka, na nusu hiyo isipungue hata unyoya. Nimekaa kwenye matanga mengi katika bonde hili, nimeona kaburi halijakauka kaka wanamkalisha dada katikati, wanammiminia chai, sauti zao zimekuwa asali, "Dada, wewe si mgeni, nyumba ni yako, samehe fungu lako tusiaibike mbele za watu." Anasamehe, analia. Kisha mke wa kaka ananuna asubuhi moja, na yule dada hana hata ukuta wa kuanikia shungi lake. Izza, nakuamuru kama mama yako: usisamehe. Waume waliokuacha wamekuacha, ukarudi kwangu, ukalima, ukakama, ukanibeba kwenda chooni. Ukitaka kuwakarimu kaka zako wakarimu kwa mkate, ardhi ishike. Na atakayekwambia mwanamke mwema husamehe, mwambie mama yangu hakuwa mwema, alikuwa na Tafukt.

Yidir, mwanangu wa malisho, wewe sikuogopei sana, maana mtu anayelala na kondoo hajifunzi uongo. Ila una huruma ya kijinga. Usiuze majike wazuri ili umridhishe dalali kwa sababu amekuita rafiki. Na kibanda chetu cha kule juu, paa lake lipigie udongo mpya kabla ya theluji. Mwaka jana mliniambia mtafanya, mkaniambia na mwaka juzi.

Ule mjozi mkubwa uliosimama katikati ya shamba la Basu ni wetu, mnajua. Ardhi yake, mti wetu, kivuli cha wote. Ndivyo babu yenu alivyogawa, na nadhani aligawa vile ili wanawe wasije wakasahauliana. Msiukate, msimuuzie. Kila mwaka nendeni mkaupukuse kwa fito ndefu, kokwa za jozi zianguke, watoto wapige kelele, na yeye akae mlangoni pake avumilie kuwasikia mkicheka shambani mwake. Theluthi yangu, ile ninayoruhusiwa kuusia, itengeneze ngazi za njia kuu zinazopanda kutoka mtoni, kwa sababu wanawake wa kijiji hiki bado wanabeba, na hakuna mwanaume aliyewahi kuzitazama ngazi zile kwa macho ya mtu mwenye mzigo.

Sasa narudi kwenye udongo. Lahsen, usigeuze uso. Najua unachofikiri, kwamba mama anakufa na roho yake imeng'ang'ania vita. Ndiyo. Imeng'ang'ania. Ulitaka ing'ang'anie nini, pazia?

Baba yangu alikuwa mlinzi wa malisho ya juu. Malisho yale hufungwa theluji ikiyeyuka, nyasi zipate kukomaa na kuangusha mbegu, na siku ya kufunguliwa makundi yote hupangwa kwenye mpaka, mabonde yote, mbwa wanabweka, kondoo wananusa majani mabichi wanalia kama watoto wachanga, na hakuna anayevuka mpaka mlinzi apaze sauti. Nikiwa msichana nilisimama pale na kundi letu. Beberu letu likavuka. Hatua chache tu, likang'ata fundo la nyasi. Baba yangu mwenyewe alilishika pembe, akalichinja palepale, na nyama ikagawiwa kwa watu wa mabonde yote, sisi wenyewe hatukuonja. Nililia wiki nzima. Lakini tangu siku ile najua neno la baraza lina mpaka, na mimi nikifika mpakani nasimama. Kwa hiyo asije mtu akasema Tuda amekufa muasi. Mimi silivunji neno la wazee. Mimi nalisikia vizuri kuliko wao walivyolisema.

Walisemaje? Mtu wa nyumba ya Hammu asiguse udongo. Basi, msiuguse. Lahsen, Yidir, Izza, mikono yenu ikae mifukoni. Lakini hawakusema mgeni asiguse. Hawakusema jirani. Hawakusema mtu aliyekuja kwenye msiba. Kufa kufaana, wanangu, na mimi kifo changu sitakiacha kipite bure kama maji ya mvua. Roho ni ya Mungu, siisukumi wala siivuti, ila nikitazama hii miguu yangu naona nitaiwahi plau. Nikishazikwa, watu wa mabonde yote watakuja kuwapa mkono, kwa maana hapa kwetu hata adui huja. Asiyekula chakula cha matanga ya mwenzake, chakula cha matanga yake kitaliwa na mbwa. Fakihi asimame mlangoni aseme hivi: marehemu hakuomba kulizwa, marehemu ameomba kila atakayekuja kumrehemu apitie shamba la Basu, ajaze kapu moja la udongo, alipandishe Tafukt, kisha ashuke ale. Kapu moja tu. Wanawake watabeba, nawajua, watabeba mawili. Na wazee wa baraza watabeba, na magoti yao, kwa kuwa watu watakuwa wanawatazama. Halafu tuone nani ataitwa mwizi. Bonde zima? Na Basu atachagua mwenyewe: abebe, awe ameshuhudia kwa mgongo wake udongo unakwenda kwa nani, au akae nyumbani, aile shayiri yake peke yake mpaka siku ya kufa kwake.

Unacheka, Yidir? Cheka. Baba yenu angecheka. Huo ndio wosia wangu, na hayo...

Nani anakohoa pale mlangoni?

Usiniambie hakuna mtu, Lahsen. Kikohozi kile nimekisikia chini ya ukuta wangu miaka yote. Mpisheni aingie. Ingia, Basu, ingia shemeji, kaa hapo, si hapo penye upepo, utapata mafua nikaambiwa nimekuua. Umesikia nilivyokuwa nikisema? Umesikia. Basi tumepunguziana kazi.

Mnamsikia anavyosema? Sema kwa sauti, Basu, hawa ni watoto wako. "Tuda, tumekula chumvi moja, mauti ni haki, nimekuja uniwie radhi." Ahsante. Umesema vizuri, sikuzote umekuwa ukisema vizuri. Wanangu, mwangalieni ami yenu, ametoka kwake na fimbo yake, kwenye baridi, kuja kuomba radhi kwa mwanamke, na hilo si dogo, wala sitalifanya dogo. Anajua kama ninavyojua kwamba kosa kwa Mungu, Mungu husamehe, lakini dhulma kwa mja hungoja mja mwenyewe, na mja mwenyewe ndiye huyu anaondoka.

Basu, mimi sikuchukii. Nasema mbele ya watoto. Mwaka wa theluji kubwa, Hammu yuko kitandani na hawa wadogo wanalia njaa, wewe ulichimba njia kwa koleo kutoka kwako mpaka mlango huu, ukaingia una barafu kwenye ndevu na unga mgongoni, ukasema, "Nimepita tu njiani." Nakumbuka. Nimekuombea dua kwa siku ile kila mwaka, hata mwaka huu, hata nilipokuwa nimelala hapa nakulaani kwa jambo jingine. Jema lako silifuti kwa baya lako. Lakini na baya lako silifuti kwa jema, maana nikifanya hivyo nitakuwa nimekuuzia Tafukt kwa gunia la unga, na wewe hukuleta unga ule kuuza. Au uliuleta kuuza? Haya, tikisa kichwa, nimekuona.

Radhi yangu unaitaka. Nakupa, sina uchoyo nayo, nitaibeba kwenda nayo wapi? Lakini haiko hapa kitandani. Iko ndani ya kapu. Wazee walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Tulipogombana wewe ulichukua jembe, shemeji, tena ulilichukua mapema. Leo unataka tupatane. Basi chukua kapu.

Neno la baraza halikugusi. Wewe si mtu wa nyumba ya Hammu. Siku ya mgawanyo ulitoka ukafunga mlango wako mwenyewe. Kapu moja. Jaza pale ulipolala udongo, pandisha mpaka pale ukuta ulipovunjika, umwage, useme bismillahi. Sikuombi useme lingine. Ulimi wako naujua, leo nataka mgongo.

Goti? Goti lako lilikuwa zima nyuma ya plau.

Kaa chini, Lahsen! Kaa, mwanangu. Najua unampenda, najua unaona haya. Radhi haibebewi. Ukimbebea wewe, itakuwa yako, na wewe unayo tayari, umezaliwa nayo.

Izza, mpe ami yako kapu. Si hilo dogo la mayai, usimtukane. Lile langu, la kamba ya manyoya ya mbuzi. Mwekee kitambaa begani, kamba inakata. Taratibu. Basu, uani kumejaa watu waliokuja kuniona, utapita katikati yao, na watakuuliza unakwenda wapi na kapu la Tuda. Uwaambie utakavyo. Utapanda kwa ngazi za kushoto, za kulia zimelegea. Pumzika penye mjozi, si aibu, mimi nilipumzika pale nikiwa na mimba. Na ukifika juu... ukifika juu tazama bonde kidogo kabla hujashuka. Hammu alipenda kutazama kutoka pale. Mlikuwa mkitazama pamoja, mkiwa wadogo, aliniambia.

Nenda. Nenda, shemeji, kabla sijalia, sitaki unione nalia, utaenda kusema umeshinda.

Wanangu. Nipeni mikono. Ya nani hii? Yidir. Ina harufu ya kondoo, Alhamdulillahi. Sikilizeni, hili ni la mwisho na ni fupi. Nizikeni upande wa juu wa makaburi, si karibu na njia. Msinililie kwa sauti, wanawake watawasaidia. Waliopo uani, wakimfuata Basu na makapu... na watamfuata, nawajua... msiwazuie. Na msiwashukuru sana, watu wakishukuriwa sana wanaanza kudai. Wapeni chakula. Ukuta muujenge upya mawe makubwa chini. Na mguu wake, nyasi, muuache. Lahsen, hata Basu akisahau, wewe usisahau kuja kila mwaka... uje utazame. Hata na viatu hivyo.

Mungu awape kizazi kinachosimama. Awape mvua ya taratibu. Awape majirani wenye ulimi mfupi... au kama ni mrefu, basi na mgongo pia. Mola awafungulie mlipofungiwa. Radhi zangu juu yenu, zote, za mama na za baba yenu nilizowatunzia, za mchana na za... za mchana na usiku. Semeni amina. Semeni kwa sauti, mimi siwezi tena.

Izza, usifunge. Nimesema usifunge mlango. Acheni wazi, na wote mnyamaze.

Nataka kumsikia akipanda.